Usimwite Tena Mchumba

Zirai, Muheza
2 Februari 2025

Wifi yangu Mwanaisha, mkwe wangu mtarajiwa,

Marahaba, maana najua hata kabla hujafika mstari huu umeshaniamkia. Nimefika salama. Kutoka Lukozi mpaka hapa nimepanda magari manne na pikipiki moja, na begi langu limenuka karoti njia nzima kwa sababu kaka yako alinilazimisha nibebe gunia la kuwapa wenyeji.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unamjua kaka yako Amiri. Nikipiga anaweka sauti ya nje, Mama yenu anasogea, Yusra anaanza kulia, na mimi nabaki kusema tunamshukuru Mungu kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Mambo yetu wanawake hayasemeki hivyo. Lori la Rashidi linashusha kabichi Muheza kila wiki. Nimeongea na Asha mwenye duka pale sokoni, atakuwa anapokea bahasha zako na kunipandishia huku kwa gari liendalo Amani, na zangu zitashuka hivyo hivyo.

Nimevaa sare siku tatu sasa. Miaka tisa, wifi, nimekuwa mtu wa jikoni na kuogesha watoto, cheti cha uuguzi kimelala chini ya godoro mpaka kimejikunja. Juzi mzee mmoja aliita nesi, nikageuka kumtafuta huyo nesi. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, Kornelio, alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa Issa. Uji wake uwe wa ulezi, sukari kidogo. Maziwa ya ng'ombe yachemke sana, anywe kwa kikombe. Alale na dada yake Yusra, si kwako. Ule wimbo wa Kishambaa ninaomlazia usimwimbie, tafuta mwingine, unazo nyingi. Najua nimemwachisha mapema, mwaka na mwezi mmoja tu. Shubiri nilipaka kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu barua ya ajira haikuuliza kama nina mtoto anayenyonya, na kama ningeikataa hii isingekuja nyingine. Yeye amesahau, mimi kifua bado hakijasahau. Nafunga kipande cha kanga chini ya sare, na mtoto wa mtu akilia kliniki nakimbilia stoo.

Mbusu binti yako Husna, mwambie mchumba wake Issa ni mtoto wa mtumishi wa serikali sasa, ajitunze.

Nakuonea wivu wewe uliyebaki naye. Leo tu, kesho nitakuwa nimezoea.

Wifi yako,
Hamida


Lukozi
9 Februari 2025

Wifi Hamida,

Shikamoo, tena mbili, moja ya kwangu na nyingine ya Husna, maana mkwe haamkiwi mara moja.

Maagizo yako nimeyasoma kwa sauti na Mama ameyasikia yote. Uji wa ulezi anakunywa, bakuli analipiga teke, anacheka. Kikombe anakikubali akiwa na hamu, akiwa hana anakimwaga kwenye shingo yangu. Alilala na Yusra siku mbili. Ya tatu Yusra akaja na mto wake akisema amechoka kupigwa mateke usoni. Kwa hiyo analala kwangu, Issa upande huu, Husna upande ule, na mimi katikati siwezi hata kujikuna. Wimbo wako sijamwimbia. Mama ndiye anayemwimbia, na kama una ubavu njoo umkataze mwenyewe.

Gauni lako la kijani nilivaa kwenye maulidi. Limenikaa vizuri kuliko linavyokukaa wewe, na watu watatu wamesema.

Ulipoandika kwamba mzee alikuita nesi nilicheka, kisha nikairudisha barua kwenye bahasha. Mimi tangu Hashimu anirudishe kutoka Bumbuli na mimba ya miezi saba sina jina lingine hapa isipokuwa yule aliyeachwa. Wewe umetoka asubuhi na begi, watu wamekusindikiza mpaka kituoni. Mimi nimepokea watoto, jiko na kuku. Sisemi kwa ubaya, umeniuliza habari za nyumbani nami ndizo hizo.

Issa hajambo. Usilie stoo, watu watadhani unaiba dawa.

Mwanaisha


Zirai
23 Februari 2025

Wifi Mwanaisha,

Jumapili nilipopiga simu nilimsikia Issa akisema mama. Kwa sauti safi kabisa. Nikasimama pale kwenye jiwe ambapo mtandao hushika, watu wanapita na mizigo yao ya iliki, machozi yananitoka bila aibu. Nikasema, Issa, mama yuko hapa. Ndipo Yusra akachukua simu akaniambia, "Mama, hakusemi wewe, anamwita shangazi amnyanyue."

Mtoto wa miaka minane hajui kuficha. Mtu mzima anajua kufundisha. Mfundishe aseme shangazi, neno si gumu, Yusra alilisema akiwa na umri huo huo.

Nilizalisha juzi, mara ya kwanza tangu niache kazi kule nyuma. Niliogopa mikono itakuwa imesahau, lakini mikono ilitangulia, mimi nikaifuata. Mama yule ameniahidi kumpa mtoto jina langu. Nilifurahi nusu siku nzima, halafu nikakumbuka kwamba kuna nyumba ambamo jina langu linafutwa, na furaha ikaisha.

Najua nikisema hivi nakuonea. Nasema hivyo hivyo.

Na gauni la kijani livue.

Hamida


Lukozi
4 Aprili 2025

Wifi Hamida,

Shikamoo. Umeondoka siku ya pili ya Idi bila kuniaga. Umemuaga Mama, umemuaga jirani, umemuaga mpaka Rashidi aliyekuja kuomba maji. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nguo za watoto wako.

Nilikuwa nimemuandaa Issa, wifi. Wiki nzima namwonyesha picha yako kwenye simu, namwambia mama anakuja. Nimemvalisha kanzu ile ndogo. Ulipoingia akajificha kwenye sketi yangu. Ni mtoto. Hata kaka yangu akirudi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili anamkimbia. Lakini wewe ulimvuta mkono, akapiga yowe, ukambeba hivyo hivyo ukaingia naye chumbani na kufunga mlango. Tulikaa sebuleni na pilau yetu tunamsikiliza analia mpaka akanyamaza kwa kuchoka. Hakuna aliyekula.

Nilipoingia baadaye nilikuta shuka zote zimebadilishwa na kanga yangu imekunjwa imewekwa mlangoni. Mimi sina ugonjwa wa kuambukiza.

Nikikosa niambie nimekosa nini, nirekebishe. Kupendwa na mtoto siwezi kurekebisha.

Mwanaisha


Zirai
12 Aprili 2025

Wifi Mwanaisha,

Kweli sikukuaga. Niliona mgongo wako pale kwenye karo, nikasimama, nikashindwa.

Nitakwambia ukweli maana kwenye karatasi hunioni uso. Mle chumbani, alipokwisha kulia, nilimlaza kifuani. Akanusa shingo yangu, akageuka akaangalia ukuta. Mimi niliyembeba miezi tisa nikawa ninanuka ugeni. Ndiyo maana nikabadilisha shuka. Nilitaka kitanda kinuke mimi, hata siku mbili. Ni ujinga, na ningeambiwa na mgonjwa ningemcheka.

Wewe hujakosa lolote. Wivu ni wangu, unanikaa hapa kooni na hauteremki hata kwa chai. Kila unapoandika Issa amecheka, nafurahi kwanza, halafu nauliza alicheka na nani.

Nimekutumia iliki kwa Rashidi, na kitambaa cha maua cha Husna. Mshonee gauni la kiuno kirefu. Mchumba wa mwanangu hawezi kuvaa mitumba na mimi nipo kazini. Mama alishasema hawa wawili atawaozesha yeye, tusimwangushe.

Tusameheane, wifi.

Hamida


Lukozi
27 Aprili 2025

Wifi Hamida,

Shikamoo. Iliki imefika, Mama anashukuru. Kitambaa kimefika, nacho nashukuru.

Huku mvua ilizidi. Barabara ya kushuka Lushoto ilifungwa na maporomoko siku nne, umeme ukakatika na mnara wa simu ukazima, ndiyo maana ulikuwa hutupati. Kaka alikwama Mombo na mzigo. Issa alipata mafua na tumbo, sasa hajambo, amepungua kidogo tu.

Jambo moja. Usimwite tena Husna mchumba wa Issa. Nimemwambia Mama naye aache. Utani huo haufai, wala kwenye barua usiuandike.

Sina mengi.

Mwanaisha


Zirai
4 Mei 2025

Mwanaisha,

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ulipocheka. Sikupaona.

Kwa hiyo mwanangu hafai. Mchumba wa Husna alikuwa anafaa wakati mimi nakaa nyumbani nawapikia nyote, leo nimeondoka umemwona mtoto asiye na mama, hatoshi kwa binti yako. Au ni kitambaa? Umeona ninajionyesha kwa mshahara? Ulitumwa na nani kumzuia hata Mama asitanie? Watoto wenyewe hawajui kuvaa viatu, nani alikuwa anaozesha?

Nilikuomba msamaha nikidhani tumemalizana. Naona wewe ulikuwa unaweka akiba.

Haya. Umechukua mtoto, umechukua wimbo, na sasa hata utani wangu umeukataza. Nyumba ni ya kaka yako, amri ni yako. Lakini nieleze sababu, na iwe ya mtu mzima.

Hamida


Lukozi
11 Mei 2025

Wifi Hamida,

Shikamoo. Kaa chini ndipo usome.

Issa hakuwa na mafua. Alianza kuharisha siku ile ile barabara ilipofungwa. Siku ya kwanza alikunywa yale maji ya chumvi na sukari uliyotufundisha. Siku ya pili akakataa kikombe, akakataa kijiko, ukimtia mdomoni anatema. Adhuhuri alikuwa halii tena machozi, anakunja uso tu. Macho yalizama. Nilimfunga mgongoni nikaenda kwa miguu mpaka palipoporomoka, udongo umejaa, watu wanasema hata pikipiki haipiti. Simu haishiki. Nikarudi naye.

Husna alikuwa ananyonya. Issa akanyoosha mkono. Mama alitutazama, akasema kwa Kishambaa maneno makali ambayo siyaandiki, maana yake ni nimpe ziwa au nitafute jembe.

Nikampa. Akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Akaamka akanyonya tena. Kesho yake alikojoa, na mimi na Mama tukashangilia mkojo kama harusi.

Kaka aliporudi nilimweleza, kisha nikamwuliza Maalim Saidi wa madrasa, nikajifanya naulizia jirani. Akasema mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili akinyonya mara tano za kushiba, huyo ni mwanao wa kunyonya, na watoto wako ni ndugu zake. Hawaoani milele. Akasema ni wajibu jambo hilo lijulikane, lisifichwe, watu wasije wakaozesha kaka na dada. Halafu akaniambia nimsalimie huyo jirani.

Ndiyo sababu. Hafai kuwa mchumba wake kwa kuwa ni kaka yake. Nilitaka kukwambia uso kwa uso, lakini umeniandikia hivyo, nikaona bora nitangulie.

Mwanaisha


Zirai
16 Mei 2025

Mwanaisha,

Nitumie kadi yako ya kliniki. Siyo ya Husna, yako. Nataka kuona ulipimwa virusi vya UKIMWI lini, mwanzo wa mimba na baada ya kujifungua, na majibu. Mume uliyekuwa naye tunamjua wote alivyokuwa anatembea. Hakuna aliyefikiri kuniuliza mimi muuguzi kabla ya kumtia mtoto wangu ziwa la mtu.

Mlipata mtandao tarehe ishirini na mbili. Leo ni tarehe kumi na sita ya mwezi mwingine. Kaka yako anajua, Mama anajua, maalim wa madrasa anajua. Mimi niliambiwa mafua.

Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko hapa mezani. Kazi inayoniondolea mtoto siyo kazi. Nikimaliza taratibu nakuja kumchukua mwanangu, na wewe utanyonyesha wa kwako.

Hamida


Lukozi
22 Mei 2025

Wifi Hamida,

Shikamoo.

Kadi hii hapa ndani. Nimepimwa mara tatu, soma mwenyewe. Na ile siku ya mvua, kabla sijafungua kifungo, niliitoa sandukuni nikaisoma tena. Sina cheti cha uuguzi, lakini mtoto nampenda.

Ulitaka sababu za mtu mzima. Chukua na hii, kwa sababu tangu nikuandikie sipati usingizi.

Mara ya kwanza alikuwa mgonjwa. Zile za siku tatu za kwanza pia. Zilizofuata alikuwa mzima. Alikuwa anakula uji, anakimbiza kuku, na mimi nikaendelea kumpa. Mama akaniambia mrudishe kwenye kikombe sasa, nikamwambia kesho. Kila siku kesho. Mpaka leo ananyonya, asubuhi na jioni, na ndiyo maana simu yako ikilia ninamtoa nje, usisikie akidai.

Kwa nini nilifanya hivyo, nitakwambia. Hashimu alinirudisha nyumbani mbele ya watu, na begi langu akalishusha yeye mwenyewe kama anashusha mbolea. Tangu hapo hakuna aliyenichagua kwa jambo lolote. Issa alinichagua. Akitoka kwa Mama, akitoka kwa baba yake, anakuja kwangu anakimbia. Nilikuwa najua ni wako. Nilikuwa nakupokonya kidogo kidogo na ninajua.

Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye wivu? Siku unajaribu sare sebuleni, Yusra anakuzunguka anapiga makofi, mimi nilikuwa jikoni nawaona kupitia mlangoni. Nilitamani kazi ile ikushinde. Nilitamani urudi baada ya mwezi mmoja umenuna, tukae sote wawili jikoni tukiwa sawa. Sasa umeandika unaiacha, na nilichokitamani kimefika, nami sikitaki. Mimi nimejiuma vidole kwa kuacha shule kidato cha tatu. Ukiacha wewe, na sababu ikawa mimi, Yusra akikua nitamwambia nini?

Njoo umchukue, ni haki yako. Nitampakia nguo zake. Lakini usije kwa ajili ya kunikomoa. Au njoo, mradi usiache kazi. Sijui, wifi. Nimeandika nilichonacho.

Mwanaisha


Zirai
8 Juni 2025

Wifi yangu Mwanaisha,

Marahaba. Kadi nimeisoma, nimeirudisha ndani ya bahasha hii, itunze. Nisamehe. Swali lilikuwa la muuguzi, lakini nililiuliza kama mke mwenza, na sikuwahi kujua mtu anaweza kuwa mke mwenza kwa mtoto.

Barua yangu ya kuacha kazi nilimpelekea Kornelio Jumatano ya mwisho ya Mei, saa mbili asubuhi. Aliisoma amesimama, akaiweka mezani chini ya kikombe chake, akasema kuna mzazi chumbani, mimba ya kwanza, tumalizane naye kwanza. Msichana wa miaka kumi na tisa, muoga. Aliniuma mkono huu ninaoandikia. Mtoto alikaa vibaya, tukamzungusha, tukasubiri, tukabishana kama tuite gari la wagonjwa, na saa tisa alasiri akatoka mwenyewe, wa kike, analia kwa hasira. Nilipokaa kunywa chai ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikumfikiria Issa. Wala wewe. Saa saba nzima. Niliona aibu, kisha nikaona raha, na ile raha ndiyo iliyoniliza. Nilikwenda kuinyanyua barua yangu chini ya kikombe. Imepata duara la chai katikati.

Siachi kazi. Amiri nimemwambia, safari hii nilimwambia azime sauti ya nje. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyesema nisiambiwe, akiogopa nitarudi mbio. Tumegombana vizuri, tumemaliza.

Uliyoniandikia kuhusu kunipokonya kidogo kidogo yaliniuma kuliko ziwa lenyewe. Niliichana ile karatasi, halafu nikaiunganisha kwa utepe wa hospitali, maana katika barua zote tulizoandikiana hiyo ndiyo pekee ambayo haina uongo. Sijakusamehe yote. Nimekusamehe zile za mgonjwa papo hapo, na zile za mzima nakusamehe moja moja, nipe muda.

Kuna mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji, watafanya Lushoto mwezi wa tisa. Nimeuliza kama wanamchukua aliyeishia kidato cha tatu, wamesema alete barua ya kijiji na wataangalia. Nimeomba fomu kwa jina lako. Usinishukuru, si kwa wema. Nataka uwe na kitu chako ili uniachie changu.

Idi hii nilikuwa zamu. Julai nina siku tano, nitakuja. Issa akinikimbia sitamvuta. Na ikifika saa yake ya kunyonya, usitoke chumbani kwa kunionea haya. Kaa. Nami nitakaa kadiri nitakavyoweza, nikishindwa nitatoka kwenda kuteka maji, na usinifuate kunibembeleza.

La mwisho. Kila Jumanne ninasimama mbele ya kina mama na kuwaambia mtoto anyonye mpaka atimize miaka miwili, nasema kwa sauti, nakunja na ngumi. Jumanne hii mmoja wao akaniuliza, "Na wako, nesi, ananyonya?" Wote wakanitazama, maana wanajua nina mdogo na wanajua naishi hapa peke yangu. Nikasema ananyonya. Akauliza, kwa nani? Nikasema, kwa mama yake mwingine, Lukozi.

Wakaguna kidogo, kisha tukaendelea kupima uzito. Usimwachishe mpaka Januari.

Hamida